Mwongozo kamili: kusoma michirizi ya chembe kwenye picha za giza za simu, kwa mtu anayeishi Mwanza

Siku hizi kuna watu wanaziba kamera ya simu kwa tepu nyeusi, wanawasha apu ya kunasa chembe usiku kucha, asubuhi wanakuta picha nyeusi tii yenye kialama kinang'aa mahali fulani, na hapo hapo wanairusha kwenye grupu la WhatsApp, jamani nimenasa miale ya kosmiki, yaani chembe zinazotoka angani. Inawezekana kweli. Ila ukiwa Mwanza, mji uliokaa juu ya mawe, kabla hujaisingizia anga kuna wawili wa kuwahoji kwanza: simu yako yenyewe, halafu jiwe lililo chini yako. Anga inakuja ya tatu. Mwongozo wote huu ni huo mpangilio tu, simu, jiwe, anga, na naurefusha kwa sababu wengi wanaanzia mwisho.

Simu inaonaje kitu gizani

Sensa ya kamera ni kipande cha silikoni kilichogawanywa pikseli mamilioni. Mwanga ukigonga pale unang'oa elektroni, simu inazihesabu, unapata picha. Sasa chembe yenye chaji ikipita ndani ya silikoni inafanya kazi ile ile bila mwanga wowote, kila mikromita moja inayokatiza inaachia elektroni kama 80 hivi, kwa hiyo ukiziba lenzi vizuri kinachong'aa kwenye picha ni chembe au ni kelele za simu, hakuna cha tatu labda tepu iwe inavuja.

Chembe ya angani inayotufikia huku chini mara nyingi ni myuoni, yaani chembe yenye chaji kama elektroni ila nzito zaidi. Protoni inatoka mbali huko nje ya mfumo wa jua, inagonga kiini cha atomu ya hewa juu sana, kama kilomita 15 hivi, zinazaliwa chembe kibao na baadhi zinageuka myuoni zinazoshuka kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Maisha ya myuoni ni mikrosekunde 2.2 tu, kwa hesabu ya kawaida isingemaliza hata kilomita moja, inafika kwa sababu ya yale mambo ya Einstein, yaani kwa inavyokimbia saa yake inakwenda polepole kuliko yetu. Bati, zege, tepu, kiganja chako, vyote inapita.

Sasa shika namba hii maana itakuokoa sana: usawa wa bahari inapita kama myuoni moja kwa kila sentimita mraba kwa kila dakika. Mwanza tuko mita 1,130 na ushee juu ya bahari kwa hiyo zinaongezeka kidogo, siyo kivile. Sensa za simu nyingi zina ukubwa wa robo ya sentimita mraba au pungufu ya hapo, piga hesabu mwenyewe, ni moja kila dakika nne au tano, tena hiyo ni kama kamera ingekuwa macho muda wote na isikose hata moja. Haiko hivyo, apu inakula muda kuchakata fremu, yaani picha moja moja, na alama hafifu inazitupa, kwa hiyo kupata chache kwa siku nzima ni kawaida kabisa. Apu ikikwambia imenasa mia tatu kwa saa moja hujapata bahati, una kelele.

Apu zenyewe zinazojulikana ni CREDO Detector ya Android, mradi ulioanzia Kraków huko Poland mwaka 2016, na DECO ya Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani. Humu sifundishi kubonyeza vitufe, nafundisha kusoma picha, apu yoyote inafaa.

Hatua ya 1: ziba, pooza, andika

Tepu ya umeme nyeusi, tabaka mbili tatu, juu yake kipande cha foili ya jikoni, halafu tepu tena. Mulika tochi moja kwa moja pale uangalie kama picha inabadilika hata kidogo, ikibadilika rudia. Baadaye funika simu nzima kwa kitambaa.

Joto ndo adui mkubwa wa huku kwetu. Kelele za sensa zinakuwa mara mbili kila joto likipanda nyuzi sita hadi nane hivi, kwa hiyo simu iliyowekwa chini ya bati mchana huku inachaji utaipata imejaa vinyota vyote vya uongo. Fanya usiku, weka simu sakafuni au mezani penye hewa, chaji ya taratibu, siyo ile ya haraka inayochemsha betri.

Kama hutumii apu bali kamera ya kawaida, chagua hali ya picha ghafi (RAW) kama simu inayo. Ile programu ya kupendezesha picha ina kazi moja ambayo hapa ni balaa, inatafuta pikseli zinazong'aa peke yake gizani na kuzifuta kwa kudhani ni hitilafu, yaani inafuta kile kile unachokitafuta.

Halafu daftari. Andika saa ya kuanza na kumaliza, simu imelala au imesimama, imekaa juu ya nini (jiwe, zege, mbao, godoro), ukuta wa karibu ni wa nini, mvua imenyesha au hapana. Najua watu hawapendi daftari ila bila hilo hatua ya nne hutaiweza, na hatua ya nne ndo tamu kuliko zote.

Hatua ya 2: ihoji simu kwanza

Fungua picha zako zote za usiku mmoja na uangalie alama iko pikseli ya ngapi kwa mlalo na ya ngapi kwa wima. Alama ikijirudia pale pale kwenye picha mbili tofauti, hiyo ni pikseli mbovu, itupe. Chembe haina anwani, haiwezi kugonga pikseli ile ile saa nne usiku na saa nane usiku.

Kuna pikseli mbovu zinazojitokeza joto likipanda tu na kupotea likishuka, hizo zinadanganya sana kwa sababu usiku wa kwanza huzioni. Dawa yake ni kuweka orodha ya anwani mbovu za simu yako na kuiongeza kila mara. Ukiona alama ya pikseli moja imezungukwa na vijipikseli vinne vya rangi moja kama alama ya kujumlisha, nyekundu tupu au bluu tupu, jua ni pikseli moja imewaka halafu programu ikaisambazia majirani ilipokuwa inatengeneza rangi. Chembe halisi mara nyingi inagusa pikseli kadhaa na rangi zinachanganyika.

Mstari ulionyooka kabisa kutoka ukingo hadi ukingo, wima au mlalo bila hata nyuzi moja ya kuinama, ni sakiti ya simu hiyo inasoma safu zake. Ukungu mpana usio na ukingo mkali, unaoanzia pembeni ya picha, ni mwanga unavuja. Vimiraba vya pikseli 8 kwa 8 ni mgandamizo wa faili la picha. Vyote hivyo tupa bila huruma, na usishangae ukibaki na picha chache mno.

Hatua ya 3: soma umbo kabla hujataja jina

Hapa ndo watu wanakimbilia kusema myuoni myuoni. Subiri. Andika umbo kwanza, jina baadaye. Maumbo makuu ni matatu ambayo watu wa DECO na CREDO wote wanayatumia: doa, mstari, mnyoo.

Doa ni pikseli chache zilizokusanyika. Linakwambia kidogo sana. Myuoni iliyoshuka wima ikakuta simu imelala inatoboa tabaka jembamba la silikoni na kuacha doa, elektroni dhaifu nayo inaacha doa, mwale wa eksirei vilevile. Kwa hiyo doa moja peke yake liandike doa, basi, usilibebeshe mengine. Doa kubwa la mviringo lenye katikati iliyojaa mwanga hadi mwisho linaweza kuwa chembe ya alfa, kipande kizito kinachorushwa na atomu zenye mionzi, na hapo watu wanasema imetoka hewani, hapana, alfa inazuiwa hata na karatasi, haiwezi kupita kioo cha sensa. Kama ni alfa basi imetoka humo humo ndani, kwenye chembechembe za urani au thoriamu zilizobaki kwenye vifaa vilivyotengenezea sensa.

Mstari ni alama ndefu iliyonyooka, yenye mwanga unaolingana takriban mwanzo hadi mwisho, katikati ya picha, ikielekea upande wowote. Huyu ndo mgombea wa myuoni. Mnyoo ni alama iliyopinda, inayoyumba, inageuka hata kurudi ilikotoka, na huyo ni elektroni. Tofauti yao inatokana na uzito: myuoni ina uzito mara 207 ya elektroni na inakuja na nguvu kubwa, kwa hiyo atomu za silikoni haziisumbui, ni sawa na Fuso lililojaa mzigo likipita kwenye vijiwe, halafu nyuma yake inakuja bajaji kwenye barabara ile ile.

Mnyoo una kitu kizuri ambacho wengi hawakioni. Elektroni kadiri inavyochoka inayumba zaidi na inaachia chaji nyingi zaidi kwa kila hatua, kwa hiyo upande uliopinda sana na kung'aa sana ndo ilikoishia, na upande hafifu ulionyooka kiasi ndo ilikoingilia. Kuza picha, fuata mwanga. Wakati mwingine huoni kichwa kinachong'aa kwa sababu elektroni ilitoka nje ya tabaka kabla haijaisha, tabaka la sensa ni mikromita chache tu hadi makumi machache kutegemea simu, kwa hiyo unachoona ni kipande cha safari yake.

Halafu kuna mstari wenye tawi, yaani mchirizi mnyoofu na ubavuni umeota kamnyoo kafupi. Hiyo ikitokea itunze vizuri, ni chembe nzito imeigonga elektroni ikaichomoa njiani. Haitokei mara kwa mara kwenye simu. Na mistari miwili kwenye fremu moja? Angalia kama imenyooka sambamba, iandike, ila usifike kwenye gazeti.

Urefu wa mstari unakwambia pembe. Tuseme pikseli ya simu yako ni mikromita 1.4 na mstari una pikseli 40, hiyo ni mikromita 56. Tuseme tena tabaka lina mikromita 25. Gawanya, unapata 2.24, tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni hiyo, ni kama nyuzi 66 kutoka kwenye msumari uliosimama wima juu ya sensa. Yaani kama simu ilikuwa imelala chali, chembe ilikuja ikiwa imeinama sana kuelekea upeo wa macho. Myuoni za hivyo ni chache, nyingi zinatoka juu kichwani. Ndo maana ukitaka mistari mirefu simamisha simu, iegeshe ukutani, zile zinazoshuka wima zitapita ndani ya tabaka kwa urefu wake na kuacha mchirizi mrefu. Utapata alama chache ila zinazosomeka, na mimi kwa maoni yangu alama tano zinazosomeka ni bora kuliko madoa hamsini. Angalia tu kama apu imepunguza ukubwa wa picha, ikipunguza basi pikseli ya picha siyo pikseli ya sensa na hesabu yako inavurugika.

Tahadhari moja: mstari mfupi wa pikseli sita saba unaweza kuwa elektroni ambayo haikupata nafasi ya kuyumba. Mfupi kiasi hicho uandike haueleweki. Weka kisanduku cha visivyoeleweka, kitumie, siyo aibu.

Hatua ya 4: lipime jiwe

Sasa tufike nyumbani. Mawe ya Mwanza, kuanzia Jiwe la Bismarck pale ziwani hadi yale makubwa yanayoning'inia juu ya nyumba za Mabatini na Igogo, ni granaiti, miamba ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Granaiti kwa kawaida ina potasiamu nyingi, asilimia tatu nne hivi, pamoja na urani na thoriamu za sehemu chache kwa milioni. Potasiamu-40, ile aina ya potasiamu yenye mionzi, nusu-maisha yake (muda wa nusu yake kuisha) ni miaka bilioni 1.25, kwa hiyo tangu jiwe ligande imebaki kama robo tu ya iliyokuwepo, na hiyo robo bado inatoa mwale wa gamma, yaani mwanga usioonekana wenye nguvu kubwa. Gamma haina chaji, haiachi mchirizi, ila ikifika ndani au karibu na sensa inaigonga elektroni na hiyo elektroni ndo inachora mnyoo. Umeona? Minyoo yako mingi haikutoka juu, imetoka chini. Na kama nyumba yako imejengwa kwa zege la kokoto za mawe hayo hayo basi imetoka na ukutani pia. Siyo kitu cha kuogopa, mionzi ya asili iko kila mahali duniani na ya mawe ya namna hii ni kidogo, msije mkamtisha mama mwenye nyumba.

Unathibitishaje? Kwa ziwa. Mwaka 1911 Mwitaliano mmoja, Domenico Pacini, alipeleka kifaa chake baharini karibu na Livorno, mamia ya mita kutoka ufukweni, akakizamisha mita 3 chini ya maji na mionzi ikapungua kama asilimia 20. Akasema basi kuna sehemu haitoki ardhini. Mwaka uliofuata, Agosti 1912, Victor Hess akapanda na puto zaidi ya kilomita 5 akakuta mionzi inaongezeka, na yeye ndo akapewa Nobel mwaka 1936, Pacini alikuwa ameshafariki. Sisi tuna maji mlangoni na hatuhitaji kuzamisha simu, tunayatumia maji kama ngao: mita mbili tatu tu za maji zinazuia karibu gamma yote inayotoka chini, ila hewa inazuia kidogo sana, kwa hiyo lazima uwe mbali na mawe ya ufukweni, mita mia tatu na zaidi.

Fanya hivi. Usiku wa kwanza simu ikae juu ya jiwe kabisa, imelala, muda fulani, tuseme saa nane. Usiku mwingine simu ile ile, tepu ile ile, mkao ule ule, iwe ziwani kwenye mtumbwi wa mbao kwa saa zile zile. Kama una ndugu au jirani anayevua dagaa umemaliza, wao wanakesha huko na taa zao siku za giza, hawatoki mbalamwezi ikiwa kali, mwombe kwa adabu akubebee. Simu ndani ya mfuko usioingiza maji, ndani ya boksi lililofungwa, maana zile taa za dagaa ni kali na zitatafuta upenyo wowote wa tepu. Ukienda mwenyewe vaa boya, na hali ya hewa ikichafuka acha, jiwe lipo hata wiki ijayo.

Ukirudi hesabu mistari peke yake na minyoo peke yake. Tuseme kwenye jiwe umepata minyoo 41 na ziwani 23. Tofauti ni 18. Usishangilie bado, jumlisha 41 na 23 unapata 64, chukua kipeuo cha pili, ni 8, hiyo ndo kiasi cha kuyumba kwa bahati tu. 18 kwa 8 ni 2.25, inashawishi ila haitoshi, watu wa fizikia wanataka angalau 3 kabla hawajaanza kuongea kwa sauti. Ukikusanya mara nne ya usiku huo na uwiano ukabaki vile vile, 164 kwa 92, tofauti ni 72 na kuyumba ni 16, hapo ni 4.5 na jiwe limekiri. Simu ya kawaida itachukua usiku mwingi kufika namba hizo, ndo maana inafaa mkiwa kikundi, ila kila simu ilinganishwe na yenyewe, siyo ya huyu kwa ya yule.

Mistari ndo mlinzi wa jaribio lako. Myuoni hazijali kama chini kuna jiwe au maji, kwa hiyo mistari inatakiwa ibaki karibu ile ile sehemu zote mbili. Kama minyoo imepungua na mistari nayo imepungua kwa kiwango kile kile, hujapima jiwe, umepima baridi ya ziwani au apu ilikuwa imelala.

Mvua nayo inaleta vituko. Inaosha hewani mabaki ya radoni, gesi yenye mionzi inayotoka kwenye mawe na udongo, na kuyaleta ardhini, gamma inapanda kwa muda, halafu ndani ya saa mbili tatu inashuka. Usiku wa mvua usiulinganishe na usiku mkavu.

Hatua ya 5: anga ya huku kwetu

Hii ni fupi. Tuko nyuzi kama mbili na nusu kusini mwa ikweta, na sumaku ya dunia maeneo haya inazipindisha na kuzirudisha protoni nyingi za nguvu ndogo, kwa hiyo myuoni zetu ni pungufu kidogo kuliko za wenzetu wa Poland, kama asilimia kumi hivi usawa wa bahari, ingawa mwinuko wetu unafidia sehemu. Pia karibu na ikweta zinakuja nyingi kidogo kutoka magharibi kuliko mashariki kwa sababu protoni zina chaji chanya. Kwa simu moja hutaiona hiyo tofauti, usijisumbue.

Hatua ya 6: kuweka lebo na kutuma

Lebo ziwekwe na watu wawili, kila mtu peke yake bila kuona ya mwenzake, halafu mlinganishe. Mkitofautiana msipige kura, ipelekeni kwenye visivyoeleweka. Picha itumwe nzima, usiikate ili alama ikae katikati, usiipandishe mwanga, usiipitishe WhatsApp kwanza kwa sababu inagandamiza na vijipikseli vinayeyuka.

Saa ya simu iwekwe ijipange yenyewe kwa mtandao. Mradi kama CREDO unatafuta simu nyingi zilizogongwa karibu wakati mmoja sehemu tofauti, sasa kama saa yako imechelewa dakika tatu picha yako hata iwe nzuri vipi kwa kazi hiyo haina maana. Mahali pia paandikwe pa kweli, kama simu ilikesha ziwani isisomeke Nyegezi, na kwenye maelezo weka kwamba ilikuwa juu ya maji. Fremu nyeusi ambazo hazina kitu usizifute mpaka umalize kuhesabu saa za kazi, maana bila hizo hujui kamera ilikuwa macho muda gani, na minyoo 23 bila saa haigawanyiki kwa chochote.